Mwaka wa Kupiga Picha Macho

Juzi tulimzika Leokadia kule Ulyankulu, na tangu nirudi Tabora miguu yangu haijakubali kuingia viatuni. Nimekaa sebuleni, mjukuu ameniwekea beseni la maji ya chumvi, simu inaita na mimi naiacha iite. Umri wangu si wa kusafiri tena kwa basi la vumbi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini wapo watu ambao usipokwenda kuwazika hutakaa utulie. Daktari Mhina naye alikuwepo. Amekuwa mzee wa kushikwa mkono, ametoka kwao Korogwe kwa safari ambayo watoto wake walimkataza. Baada ya mazishi tuliwekwa pamoja kwenye viti vya plastiki, tukaletewa wali na maharage, na binti mkubwa wa Leokadia akaja akapiga magoti mbele yetu. “Bibi, babu, ninyi mlifahamiana vipi na mama?” Nikamtazama Daktari, naye akanitazama, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Mwishowe Daktari akasema, “Tulifanya kazi pamoja, mwanangu,” akarudi kwenye maharage yake. Sikumlaumu. Tulifanya kazi pamoja kweli, mwaka mmoja tu. Baada ya hapo nimefundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu, nimezaa, nimezika mume. Lakini nikiulizwa nilikomazwa wapi, nitasema ni katika mwaka ule, na kuueleza kwa mtu aliyepiga magoti huku chakula kinapoa ni kazi isiyowezekana.

Chumba chetu cha kazi mwaka ule kilikuwa stoo ya zamani ya hospitali, upande wa nyuma, kikipakana na jiko. Asubuhi kilinuka uji wa wagonjwa, mchana kilinuka maharage, na jioni moshi wa kuni ulipita chini ya mlango ukakaa nasi kama mtu wa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikakosa nafasi ya kuendelea, nikapata kibarua cha kuandika majina ya wagonjwa mapokezi. Daktari Mhina, ambaye ndiye aliyekuwa daktari wa macho, alinisikia siku moja nikimhesabia mama mmoja vidonge vyake, akasimama. “Binti, unaweza kugawanya kwa hamsini bila karatasi?” Nikamwambia kugawanya kwa hamsini ni kuzidisha mara mbili kisha kusogeza nukta. Hakucheka wala hakunisifu. Alisema, “Njoo huku nyuma,” na tangu siku ile sikurudi mapokezi.

Huko nyuma alinionyesha kamera iliyoletwa na mradi wa macho, lenzi yake ikiwa imeandikwa milimita hamsini, na vipande vitatu vya bomba jeusi, vifupi, vitupu kabisa ndani, bila kioo chochote. Aliviita pete. Moja ilikuwa na urefu wa milimita kumi na mbili, ya pili ishirini, ya tatu thelathini na sita. Zilikaa kati ya kamera na lenzi, na kazi yake ilikuwa kuisukuma lenzi mbele, mbali na filamu. Nilishangaa kwamba kitu kitupu kinaweza kukuza. Daktari alinieleza akiwa anavua viatu, kwa maana siku zote alieleza mambo akiwa anafanya kitu kingine. Chukua urefu wa pete, gawanya kwa hamsini ya lenzi, umepata ukuzaji. Thelathini na sita kwa hamsini ni sifuri nukta saba mbili, yaani sentimita moja ya mwili wa mtu itakuwa milimita saba na kidogo kwenye filamu. Na kwa kuwa filamu yenyewe ina upana wa milimita thelathini na sita, picha nzima itabeba sentimita tano za mtu. “Sentimita tano ni nini kwa binadamu?” akaniuliza. Kisha akajijibu mwenyewe: “Ni jicho moja, na nafasi kidogo ya kupumua.”

Tulikuwa tunapiga picha vikope. Watoto wa siku hizi hawaujui ugonjwa huo, na ashukuriwe Mungu. Unaanza utotoni, ndani ya kope la juu kunaota chembe kama punje za mtama, zinapona zinaacha makovu, na miaka inavyokwenda makovu yanalivuta kope mpaka linageukia ndani. Hapo nywele za kope zinaanza kuikwaruza mboni kila mtu anapopepesa, kama ufagio usiopumzika, mpaka mboni inakuwa nyeupe. Vijiji vya kando ya reli, kuanzia Tura mpaka Kaliua, vilikuwa navyo vingi. Wazee wa njia ile walisema vikope vilikuja na misafara, enzi za wapagazi waliovuka nyika ya Mgunda Mkali wakiwa na kiu, wakanawa nyuso zao wote kwenye karai moja. Sijui kama ni kweli. Wakubwa wa mradi, waliokuwa Dar es Salaam, walitaka picha za upande wa ndani wa kope, kijiji kwa kijiji, zote katika ukubwa mmoja ili ziweze kulinganishwa, na kwa wale wa kupasuliwa walitaka ya kabla na ya baada. Kwa picha hizo ndipo wangeamua dawa ziende wapi.

Kwa hiyo nilifanya hesabu. Nilizifanya nyuma ya makasha ya dawa ya macho, mezani pale stooni, huku wapishi upande wa pili wa ukuta wakisutana. Ukuzaji ulikuwa rahisi, ila umbali ulinitesa. Kanuni aliyonipa Daktari ilikuwa hii: gawa moja kwa ukuzaji, ongeza moja, zidisha kwa hamsini, utapata jicho linatakiwa kuwa mbali kiasi gani mbele ya lenzi. Kwa pete ya thelathini na sita nilipata karibu sentimita kumi na mbili. Ukijumlisha na nafasi ya nyuma ya lenzi mpaka kwenye filamu, zinakuwa ishirini na nusu. Vizuri. Nikaziunga pete zote tatu, nikapiga hesabu tena nikitegemea kwamba kamera itamkaribia mtu zaidi, nikapata ishirini na nusu ileile. Nikafuta, nikarudia, ikaja ileile.

“Dokta, nimekosea mahali.”

Akachukua kasha, akalisoma akiwa amelishika mbali na uso, maana naye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. “Hujakosea. Tazama mbele ya lenzi umepata ngapi.”

“Hazifiki tisa.”

“Basi. Kamera imekaa palepale, lenzi ndiyo iliyomwendea mtu. Ukishapita ule ukubwa ambao kitu na picha yake vinalingana, kamera haikaribii tena, inaanza kurudi nyuma. Ni lenzi tu inayozidi kusogea.” Akanirudishia kasha. “Zote tatu hatutazitumia. Hakuna mtu wa kuvumilia kioo karibu hivyo na jicho lake.”

Leokadia ndiye aliyenifundisha mambo mengine yote. Alikuwa muuguzi, amenizidi miaka kama minane, mtu wa Ulyankulu, wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamebeba nguo na sufuria. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyotulia, na ulimi wa kukata. Kazi yake ilikuwa kulibinua kope kwa kidole na kijiti cha ufagio, mkono mwingine ukishika flashi pembeni, kwa sababu pete zile zilikula mwanga, na bila flashi filamu isingeona kitu. Kazi yangu ilikuwa kupiga magoti mbele ya mtu. Ukiwa karibu hivyo huzungushi lenzi kutafuta picha safi, unausogeza mwili wako, mbele kidogo, nyuma kidogo, umebana pumzi, na sehemu inayoonekana vizuri haizidi unene wa punje ya mchele. Pumzi za watu zilinijia mkononi. Nilijua nani amekula vitunguu, nani amekunywa pombe ya mtama asubuhi, nani ana homa. Siku za kwanza niliona kope tu, jekundu, lenye unyevu, likijaza kitundu cha kamera kutoka ukingo mpaka ukingo, na nilikuwa nikisema, “Anayefuata.” Leokadia alinivuta nje ya zahanati moja huko karibu na Kaliua, akanisemesha kwa sauti ya chini huku akitabasamu ili watu wasijue ninagombezwa. “Hawa hawajaja kupimwa kama mbao, Yusta. Kwanza msalimie. Kisha mguse bega, ajue uko upande gani. Ndipo uweke hilo bomba lako.” Sijawahi kuisahau aibu ile. Darasani kwangu, miaka yote, sikuanza kusahihisha daftari la mtoto kabla sijamwita jina.

Tulisafiri kwa treni, na treni ilifika ilipotaka. Tulikula tulichopewa: ugali na nsansa, yale majani ya mboga yaliyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, michembe ya viazi vikavu iliyochemshwa, asali kwenye kopo la maziwa, na huko Urambo tulikopita kwa familia za Kirundi, maharage na ndizi. Tulilala kwenye nyumba za wachungaji, za makatekista, na mara moja kwenye ghala la tumbaku ambalo harufu yake ilikaa kwenye nywele zangu mpaka Jumapili iliyofuata. Filamu tulizituma Dar es Salaam, tukasubiri wiki na wiki kujua kama tulichokifanya kilikuwa na maana. Ninapokumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza kinachonijia ni uchovu wa mabega. Watu huhadithia ujana wao kama ngoma. Wangu ninaukumbuka kama kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

Tura ndiko alikokuwa Mama Kalekwa. Alikuwa mkulima, Mmoraviani, makamo hivi, mwembamba, aliyetembea ameinamisha kichwa ili mwanga usimchome. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuwa jeupe. La kulia bado lilikuwa linaona, lakini nywele za kope zilikuwa zimeingia ndani kama miiba ya mchongoma, na kila siku binti yake, Kalekwa, alimlaza mapajani akazing’oa kwa koleo ndogo iliyotengenezwa na mhunzi. Zikiota tena zilikuwa fupi na ngumu zaidi. Daktari alimwambia mara ya kwanza tulipopita kwamba lazima apasuliwe, makope yote mawili, kwa sababu hata lile la jicho lililokufa lilikuwa linamuumiza. Alijibu, “Asante, baba,” kwa adabu, na tulipopita mara ya pili akajibu vilevile, na sisi sote tukaelewa kwamba maana yake ilikuwa hapana.

Mara ya tatu tulifikia nyumbani kwake, kwa kuwa mumewe, Mzee Yeremia, alikuwa mzee wa kanisa na nyumba yao ilikuwa na chumba cha wageni. Daktari alishuka treni asubuhi akitetemeka. Malaria. Tukamlaza chumba kile, akajifunika mablanketi mawili kwenye joto la mchana, na mimi nikakaa kwenye chumba cha kati nikisafisha lenzi. Ukuta kati yangu na jiko ulikuwa wa matete yaliyopakwa udongo nusu. Leokadia alikuwa jikoni akimsaidia mwenye nyumba kuchambua karanga, na maneno yao yakanifikia yote.

“Unaogopa kisu,” Leokadia alisema.

“Mimi nimezaa watoto saba, mwanangu. Kisu nikiogopee nini?”

“Basi ni nini?”

Karanga zikaanguka kwenye ungo kwa muda. “Daktari amesema atanifunga macho yote mawili. Siku nzima mpaka kesho yake.”

“Siku moja tu, mama.”

“Mama yangu mzazi alikufa kipofu. Nilimshikia fimbo mimi tangu nikiwa mdogo. Sasa mimi bado naona kidogo, naona moto, naona Kalekwa akiingia. Mkinifunga, nitaonja lile giza. Nikishalionja nitakuwa nimelijua, na likija lenyewe litanikuta nalisubiri. Afadhali lije bila kunipa taarifa.”

Nilidhani Leokadia angemjibu kwa ulimi wake. Mama yake yeye pia alikuwa kipofu wa vikope, kule Ulyankulu; alikuwa ameniambia hivyo mara moja tu, treni ikiwa imekwama, na hakurudia. Lakini nilisikia kigoda chake kikiburuzwa karibu na mwenzake. Kisha akasema, “Nitafunga na mimi.”

“Utafunga nini?”

“Macho. Akikufunga wewe, na mimi nitajifunga. Tutakaa wote mpaka kesho.”

Mama Kalekwa alicheka, kicheko cha mtu aliyeshtukizwa. “Wewe nesi, una wazimu.”

“Watu wananiambia.”

Halafu sauti ya mama, chini kabisa: “Basi mwambie baba yako huyo apone haraka, kabla sijabadili mawazo.”

Daktari hakupona haraka, ila siku iliyofuata homa ilishuka kidogo, akaamka kuandaa vifaa. Ndipo alipokuwa anaiweka pete ya thelathini na sita ikamponyoka, ikapiga sakafu kwa mdomo. Nikaiokota. Mdomo ulikuwa umepinda, na nilivyoijaribu kwenye kamera haikukubali kuingia. Daktari akaketi kitandani. Sikuwahi kumwona mtu akizeeka kwa dakika moja kabla ya siku ile. “Nikipasua bila picha ya kabla,” akasema, “hawatatuletea tena dawa ya ganzi. Wamekwisha kuniandikia kuhusu hilo. Na nikimwambia huyu mama asubiri tupate pete nyingine, hatakubali tena.” Akajilaza, akageukia ukutani.

Nikaenda kwenye meza ya chumba cha kati, na kutoka kule kitandani, kupitia pazia, sauti yake ikanifuata. “Umebaki na ngapi?”

“Kumi na mbili na ishirini.”

“Ukiziunga?”

“Thelathini na mbili. Ukuzaji sifuri nukta sita nne. Jicho lake litatoka dogo kuliko ya wengine wote.”

“Basi haitalingana.” Akakohoa. “Inapungua nne.”

Milimita nne. Nikaishika lenzi, na bila kufikiri nikawa nauzungusha ule ukingo wake wenye namba za umbali, kama mtu anavyochezea kifungo cha shati. Ikatoka nje kidogo. Ikarudi ndani. “Dokta,” nikasema, “lenzi yenyewe si inasogea mbele ukiizungusha?”

Kitanda kikalia nyuma ya pazia. “Endelea.”

“Nikiitoa milimita nne, na pete thelathini na mbili, jumla ni thelathini na sita.”

“Na utajuaje kwamba imetoka nne? Huna chombo cha kupimia hilo.”

Sikuwa nacho. Lakini lenzi ilikuwa na alama za umbali, na umbali tulikuwa tunajua kuuhesabu. Nikaanza kwa sauti ili anisahihishe. Nne kwa hamsini, sifuri nukta sifuri nane. Moja kwa hiyo, kumi na mbili na nusu. Ongeza moja, kumi na tatu na nusu. Mara hamsini, milimita mia sita sabini na tano. “Ongeza za nyuma ya lenzi,” sauti ikasema, “alama zile zinahesabiwa kutoka kwenye filamu.” Hamsini na nne. Jumla, mia saba ishirini na tisa. Sentimita sabini na tatu, kasoro kidogo. Nikaiweka lenzi juu kidogo ya alama ya sabini, nikaunga pete mbili, nikalaza rula ya shule ya Kalekwa juu ya meza, nikainama mpaka mistari ikawa safi. Kutoka ukingo huu wa picha mpaka ule: sentimita tano. Nilimpelekea Daktari kamera na rula kitandani aone mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Mpige picha,” akasema. “Mimi nanawa mikono.”

Nilipiga magoti mbele ya Mama Kalekwa, nikamsalimia shikamoo ingawa tulikuwa tumesalimiana asubuhi, nikamgusa bega. Leokadia akabinua kope. Daktari alipasua mezani kwenye chumba cha darasa la Jumapili, akipumzika kila baada ya mshono, jasho likimdondoka, Mzee Yeremia akimpangusa kwa kitambaa kama alivyoelekezwa. Ilikwisha kabla ya mchana. Macho yote mawili yakafungwa kwa pamba na bandeji. Na Leokadia, akiwa bado na aproni, akavua mtandio wake, akaukunja, akajifunga machoni, akaufunga fundo nyuma. “Haya, mama,” akasema. “Na mimi siwaoni.”

Siku ile yote niliwaongoza wawili. Niliwapeleka chooni, mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, Leokadia akijikwaa kwenye jiwe la kufulia na kulilaani kwa Kirundi. Walikaa barazani wakimenya karanga kwa kupapasa, wakigombania ungo, Mama Kalekwa akimcheka mwenzake kwamba anatupa karanga anabakiza maganda. Majirani walipita kuwatazama, wakadhani nesi naye amepasuliwa, wakampa pole, naye akapokea pole zote kwa unyenyekevu. Alasiri karanga zilikwisha. Nilimwona Mama Kalekwa akinyoosha mkono hewani, akitafuta, na mkono wa Leokadia ukatokea ukakutana nao, sijui alijuaje. “Bado upo?” “Nipo, mama.” “Umefunga kweli?” Leokadia akauchukua ule mkono, akauweka juu ya mtandio wake. Mama akaupapasa, akafika kwenye fundo, akalivuta kuhakikisha. Kisha akaanza kumsimulia habari za mama yake, yule aliyekuwa akimshikia fimbo: kwamba alijua mvua kabla ya wengine, kwamba alikuwa mchokozi, kwamba aliwataja wajukuu kwa harufu ya vichwa vyao. Nadhani hakuwa amewahi kuyasema hayo. Niliondoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na mbuzi.

Asubuhi Daktari alifungua. Jicho la kushoto lilikuwa vilevile, jeupe, ila halikuchubuliwa tena. La kulia lilikuwa limevimba na mshono wake kama mdudu, nalo likafunguka polepole, likakaa wazi kwenye mwanga wa dirisha. Halikutoa machozi. Mama Kalekwa alimtazama mumewe, akamtazama binti yake, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimepiga magoti na kamera kwa ajili ya picha, na akanikazia macho kwa ukaribu ule ule niliokuwa nikiwakazia watu mwaka mzima. “Kumbe ni wewe,” akasema. “Kwa sauti nilidhani ni mama mtu mzima. Wewe ni mtoto tu. Mbona umechoka hivyo?”

Picha zilitoka vizuri, zote, katika ukubwa mmoja. Wakubwa waliandika kwamba ni nzuri sana, na baada ya hapo mradi ukaisha kwa sababu fedha zilikuwa zimekwenda mahali pengine. Daktari alihamishwa. Mimi niliitwa chuo cha ualimu. Leokadia akarudi Ulyankulu akaendelea kuzunguka kwa baiskeli na tyubu za dawa kwa miaka mingi, mpaka ulipofika wakati ambapo vidonge vilianza kugawiwa kwa vijiji vizima na vikope vikaanza kusahaulika. Mama Kalekwa aliishi na jicho lake mpaka uzeeni; Kalekwa aliniambia tulipokutana sokoni Tabora. Ninawafikiria wengine, wale ambao tuliwapiga picha na hatukurudi. Hilo halijawahi kunitoka, na sina cha kulifanyia.

Mara ya mwisho nilimwona Leokadia akiwa hai mwaka jana. Nilimkuta ameketi kitandani, mguu umevimba kwa sukari, ulimi bado uko palepale. Tulikunywa chai. Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia: kwamba katika maisha yangu yote sijaona mtu akifanya jambo kubwa kama lile la kujifunga macho pale Tura, na kwamba nimewasimulia wanafunzi wangu, kila mwaka, bila kutaja jina lake.

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kikombe. “Yusta,” akasema, “mimi nilikuwa nimechoka.”

“Ulichoshwa na nini?”

“Kutazama. Mwaka mzima nabinua makope ya watu, na kila kope namwona mama yangu. Nilitaka siku moja nisione jicho la mtu yeyote. Yule mama aliposema habari ya kufungwa, nikaona wivu.” Akacheka mpaka akashika ubavu. “Ninyi mkadhani ni upendo.”

Nje wajukuu wake walikuwa wakitwanga, na mchi ulisikika ukibadilisha mikono. Leokadia akaacha kucheka, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

“Lakini alikubali kupasuliwa, au hakukubali?”

“Alikubali.”

“Na aliona?”

“Aliona.”

“Basi,” akasema, akanipa kikombe nimwongezee chai.